Umeme Unashusha Mbili, Barua Inapandisha Nne

Likasi, Shituru, tarehe 12 Juni 1994

Mama Orpha,

Mimi ni mzima, isipokuwa damu.

Nakueleza wazi ili usisikie kwa watu. Kampuni inatupima wote, mmoja mmoja. Daktari alinifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akatazama kipimo, akafungua, akapuliza tena. Akaniuliza, "Papa Gaston, ulifika hapa kwa miguu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ajabu." Halafu akaandika tansio kumi na tisa juu ya kumi na moja. Tansio ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo mishipa, na yangu inasukuma kama watu wanaogombania treni.

Anataka kumi na nne. Amenipa hadi tarehe 30 Septemba. Nikizidi hapo, jina linafutwa kwenye orodha. Jina likifutwa, nyumba ya kampuni inachukuliwa na gunia la unga la kila mwezi linakatwa. Hilo gunia ndilo ninalogawa nanyi, kwa hiyo damu yangu sasa si yangu peke yangu.

Usilie. Nimepata dawa. Kule Kikula kuna muuguzi mmoja, Adolphe, mwenye zahanati ya chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Alifanya kazi na mzungu mmoja wa kunyoosha migongo. Mzungu alikimbia wakati wa uporaji, akaacha mashine na mbwa. Mbwa amekufa. Mashine ni kasha kama redio, lina nyaya mbili, na kila waya una kibamba cha shaba ya njano mwishoni. Adolphe analowesha vitambaa kwa maji ya chumvi, anafunga kibamba kimoja kwenye kifundo cha mkono na kingine karibu na kiwiko, anazungusha kitufe. Inatekenya kama siafu wenye adabu. Unalala hivyo saa nzima, mara tatu kwa wiki. Chumvi ya chakula amenikataza kabisa. Anasema umeme unaamsha neva, ile kamba nyembamba inayopeleka habari mwilini. Neva inaambia ubongo, ubongo unaambia mishipa ya damu, "Legezeni." Mishipa ikilegea, damu inapita bila kusukumana.

Sikubishana naye, yeye amesoma, mimi niliishia darasa la tano. Lakini miaka saba nimefanya kazi kwenye ukumbi wa beseni za shaba, najua umeme unafanya nini. Unapitisha umeme kwenye asidi chafu, shaba inatoka majini inakamata kwenye bamba. Baada ya siku saba bamba limenenepa, unalivuta. Basi na uchafu wa damu yangu utatoka hivyo hivyo. Mara ya tatu nilikichungulia kibamba cha mkononi: kina rangi ya kijani. Unatoka, Mama Orpha. Kwa macho yangu nimeuona.

Barua hii na nusu gunia anakuletea yule kijana wa treni, mfunga breki, yule yule aliyeleta barua yako ya Pasaka. Nilimwuliza ni mwana wa nani huko Kongolo. Akajibu, "Mimi ni wa reli, baba." Jibu la mtu wa kazi. Tena anavua kofia kabla ya kuingia.

Mume wako,
Gaston

*

Kongolo, tarehe 3 Julai 1994

Baba Orpha,

Unga umefika, na barua. Unga hauna makosa.

Unasema Adolphe amekukataza chumvi, halafu anakupaka maji ya chumvi na kukutia umeme. Je, huyo anakutibu au anakukausha kama samaki wa makayabu? Mama yangu alipokuwa na tansio alikula kitunguu saumu na kuacha kugombana na majirani. Aliishi hadi meno yakamchoka.

Kitu kingine. Saa nzima unalala kitandani, mara tatu kwa wiki, huko Kikula. Na nani mwingine yumo chumbani? Hukuandika. Mtu mfupi wa maneno si wewe, nikaona nikuulize.

Habari ya tatu ni kubwa. Kuna watu wamepiga hodi kwa ajili ya Orpha. Walikuja na heshima, wakaleta barua ya kuomba, na kama desturi wanasubiri jibu la baba, lililoandikwa kwa mkono wa baba, lisomwe mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mjomba Georges yuko tayari kujibu kwa niaba yako, lakini unamjua kaka yangu, atataka kwanza kueleza historia ya ukoo tangu mafuriko. Afadhali ujibu wewe. Orpha ana miaka ishirini na mbili na anamtaka mtu huyo hadi anaunguza mboga.

Jina la familia nitakuambia ukishajibu kama umefurahi kwanza.

Mke wako,
Berthe

*

Likasi, Shituru, tarehe 24 Julai 1994

Mama Orpha,

Umefanya nini?

Adolphe ananiandikia daftari. Nakunakilia uone. Jumatatu kabla ya mashine, kumi na saba. Baada ya mashine, kumi na tano. Jumatano kabla, kumi na sita na nusu, baadaye kumi na nne na nusu. Ijumaa umeme wa Kikula ulikatika, nikalala tu na nyaya zangu kama mbuzi aliyefungwa, ikashuka moja. Adolphe alikuwa na furaha, akasema, "Unaona? Umeme unashusha mbili, kulala kunashusha moja." Jumamosi barua yako ilifika. Jumatatu nilipimwa kumi na tisa na nusu. Adolphe alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akauliza, "Papa Gaston, umekula nini?" Nikasema, "Barua." Akaandika daftarini: barua inapandisha nne.

Anayekuwamo chumbani ni Mama Albertine, mwenye miaka sabini, naye anatiwa umeme wa goti. Anakoroma. Umeridhika?

Sasa Orpha. Mtu ataombaje binti yangu bila jina? Nimelala macho wazi nikipitia familia zote za Kongolo, nyumba kwa nyumba, hadi ng'ambo ya Lualaba. Jibu langu ni hili: nakubali mtu yeyote mwenye kazi na mikono miwili. Hata akiwa mwana wa mamba, ale kwa adabu tu. Lakini asiwe mwana wa Benoît. Hapo sitii sahihi hata wakinikata.

Usiniambie mambo ya zamani. Askofu alikuwa ameketi pale. Kanisa limejaa hadi mlangoni. Tuko katikati ya wimbo wa Utukufu, na huyo Benoît, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kijiti cha kwaya, akasimamisha watu wote, akaninyooshea kijiti mimi, akasema, "Gaston, weye utoke. Hiyo haiko besi, iko ng'ombe." Askofu alicheka, Mama Orpha. Alijifunika kwa leso lakini mabega yalikuwa yanacheka. Mwezi uliofuata nilipanda treni. Watu wanafikiri nilikuja Likasi kutafuta kazi.

Ukumbini mambo ni mabaya, nusu ya beseni zimekauka, tunakwenda kuzitazama tu kama wagonjwa. Ndiyo maana orodha inafupishwa na ndiyo maana lazima nifike kumi na nne.

Kijana wa treni alinikuta nimekaa nje nimeshika kichwa. Alinichotea maji, akasubiri ninywe, akaondoka kwa miguu ya taratibu. Kama watu wangekuwa wanaomba binti kwa adabu ya namna hiyo, nisingehitaji mashine.

Gaston

*

Likasi, Kikula, tarehe 25 Julai 1994

Kwa Mama Berthe, mke wa Papa Gaston,

Mama, salamu za heshima. Hatufahamiani. Mimi ni Adolphe, muuguzi, ninayemhudumia mume wako. Naandika bila yeye kujua, na barua hii nimeikabidhi mkononi mwa mfunga breki.

Mume wako anaendelea vizuri sana, wewe usipoandika.

Nisamehe kwa kusema hivyo. Nina daftari. Mashine yangu haifanyi miujiza: inachokoza neva kidogo, mishipa inalegea, tansio inashuka, na ukirudia wiki kwa wiki inaanza kushika. Lakini kila nilichoshusha kwa wiki tatu, ukurasa wako mmoja umekipandisha kwa siku moja. Kwa hiyo nimefanya uamuzi. Kuanzia leo hadi tarehe 30 Septemba, barua zozote za kwako zitakaa kwangu, ndani ya kabati, bila kufunguliwa. Baada ya daktari kupiga muhuri, nitampa zote. Yeye amekubali, baada ya mabishano yaliyotugharimu pointi moja.

Jambo jingine. Mume wako anaamini kwamba uchafu wa damu unakamata kwenye kibamba. Ule ukijani ni kutu ya chumvi na jasho, hata kitasa cha mlango wangu kinao. Sikumsahihisha. Akiuona anafurahi, na akifurahi inashuka nusu. Tafadhali na wewe usimsahihishe.

Kama kuna neno la lazima kabisa, niandikie mimi.

Adolphe, muuguzi

*

Kongolo, tarehe 14 Agosti 1994

Kwa Bwana Adolphe,

Bwana muuguzi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilikaa chini.

Umeamua vizuri sana. Barua zangu zifungie. Usimhurumie hata akiomba. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ya kwake, nimeigundisha kwa uji wa muhogo pande zote nne. Isifunguliwe kabla ya muhuri, nakuomba kama ndugu.

Lakini wazee hapa wanasubiri neno moja tu kutoka kwake, kwamba amekubali niliyomwandikia. Ni jambo la furaha. Hakuna aliyekufa, hakuna anayeumwa, hakuna nyumba iliyoungua. Mwambie hayo matatu, halafu umpe kalamu. Ajibu siku ambayo mashine imefanya kazi vizuri.

Kuhusu ukijani sitasema kitu. Kumwacha mume aamini kitu kidogo kwa ajili ya afya yake, hilo nalijua tangu zamani.

Mama Berthe

*

(ndani ya bahasha iliyogundishwa)

Kongolo, tarehe 14 Agosti 1994

Baba Orpha,

Kama unasoma hii umeshafaulu. Hongera. Kaa kwenye kiti.

Mimi sikufichi kitu. Yote nimeyaandika hapa, kwa wino, kabla wazee hawajakutana. Kama hukuyasoma kwa wakati, hiyo ni kazi ya mashine, si dhambi yangu.

Anayemwomba Orpha ni Rolly, mwana wa Benoît. Ndiyo, Benoît yule wa kijiti.

Na Rolly ndiye mfunga breki anayekuletea barua. Mimi ndiye niliyemfundisha kujibu "wa reli". Alikataa kusema uongo, nikamwambia reli si uongo, analala humo zaidi ya kwao. Kofia na maji hakufundishwa na mtu, ndivyo alivyo. Ulimsifu mwenyewe mara mbili, barua ninazo.

Mwaka mzima ningekubembeleza usingekubali, kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa mwaka themanini na saba. Orpha hakuwa hata kwenye kwaya.

Mke wako anayekuheshimu,
Berthe

*

Likasi, Shituru, tarehe 4 Septemba 1994

Mama Orpha,

Adolphe amenionyesha bahasha yako ya tarehe 14 Agosti kutoka mbali, kama mtu anavyomwonyesha mbwa mfupa, akasema wazee wanangoja nikubali yaliyomo, akaifungia kabatini. Nikauliza, kuna aliyekufa? Hakuna. Anaumwa mtu? Hakuna. Nyumba? Ipo. Basi nikanyamaza, maana swali la nne lingekuwa jina la mchumba, na kila nikilifikiria swali hilo masikio yananipigia ngoma. Niko kumi na tano. Zimebaki siku ishirini na sita. Siwezi kupoteza nyumba na gunia kwa sababu ya udadisi.

Sharti langu unalijua, nililiandika wazi. Wewe si mtu wa kulivunja. Kwa hiyo hapa chini naandika vizuri, isomwe:

*Mimi, Gaston, baba wa Orpha, mfanyakazi wa Shituru, nimekubali YOTE aliyoandika mke wangu katika barua ya tarehe 14 Agosti. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Wazee wabariki.*

Nimepiga mstari mara mbili chini ya YOTE ili Mjomba Georges asipate pa kuingilia.

Kijana wa treni alipoipokea mikono ilimtetemeka. Nilimwuliza kama ana malaria. Akasema hapana baba, ni baridi. Nimempa sweta langu la kijivu.

Gaston

*

Likasi, Kikula, tarehe 1 Oktoba 1994

Mke wangu,

Naandikia kwenye kitanda cha Adolphe. Utanisoma hadi mwisho.

Jana nilipimwa. Mstari ulikuwa mrefu. Mbele yangu Kazadi wa kreni alikuwa amekunywa maji ya kitunguu saumu lita nzima, daktari akarudi nyuma hatua mbili, akampima kwa mkono ulionyooka. Mimi niliketi, nikafumba macho, nikafikiria kibamba. Daktari akapuliza. Kumi na tatu na nusu juu ya nane. Akapuliza tena. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema, "Umeme, na kutosoma." Akapiga muhuri. Jina liko kwenye orodha, nyumba iko, gunia liko.

Nilitembea hadi Kikula nikiimba. Adolphe akafungua kabati, akanipa bahasha. Ule uji wako wa muhogo hata kisu kiliuogopa.

Nilisoma nimesimama. Ulisema nikae, lakini neno hilo nililiona baadaye.

Ninachokumbuka ni Adolphe akinikimbilia na kitambaa cha kupimia, akisema, "Papa Gaston, pumua! Muhuri umekwisha kupigwa, kasirika taratibu!" Ishirini na mbili. Daftari lake halijawahi kuona namba hiyo. Mama Albertine aliamka, akauliza nani amekufa. Nikamwambia, "Mimi. Nimemwoza binti kwa Benoît na kupiga mstari mara mbili."

Sitasema niliyoyasema juu yako. Adolphe alifunga dirisha.

Halafu hodi. Hodi ya taratibu, unaijua. Yule kijana akaingia, kofia mkononi, sweta langu mwilini. Alikuwa amekaa nje tangu asubuhi akisubiri nisome. Angeweza kupanda treni yake, nani angemlaumu? Akapiga magoti mlangoni, akasema, "Baba, nilitaka kukuambia kila safari. Mama alinikataza. Ukitaka kunipiga, nipige, treni inaondoka saa moja jioni."

Nilitaka. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa cha Adolphe.

Kisha kijana akayumba. Adolphe akamshika, akamlaza kwenye kitanda cha pili, akampima. Kumi na nane! Kijana wa miaka ishirini na sita, anayefunga breki za mabehewa kwa mikono! Nikamwuliza Adolphe ni nini. Akasema, "Ni wewe, Papa Gaston. Wewe ndiye barua yake."

Mama Orpha, nimeona ng'ombe wengi lakini sijamwua hata mmoja, wala sitaanza na kijana huyu.

Ilikuwa saa kumi, na saa kumi na moja Kikula inakatiwa umeme. Mashine moja, watu wawili wanaochemka. Adolphe akasema mmoja asubiri kesho. Nikasema hapana, umeme naujua mimi. Kibamba kimoja kwangu, kimoja kwake. Adolphe akapiga kelele kwamba haifanyiki hivyo, kitabu hakisemi hivyo, umeme hauwezi kuzunguka kama njia imekatika kati ya vitanda. Nikamwambia, "Basi tutaunganisha njia."

Unajua kwetu baba mkwe na mkwe hawagusi hata bakuli moja. Nilinyoosha mkono. Yule kijana aliutazama kama nyoka. Nikasema, "Shika, kijana, umeme unakatika." Akashika. Adolphe akajiwekea ishara ya msalaba, akazungusha kitufe kidogo kabisa.

Siafu walipita kwangu, wakapita kwake. Tulilala hivyo hadi taa ikazimika, na baada ya kuzimika hatukuachiana mara moja, sijui kwa nini. Mama Albertine alitufunika shuka moja.

Tulipopimwa, mimi kumi na saba, yeye kumi na nne. Niliangalia vibamba. Cha kwangu kilikuwa kijani tupu. Nadhani ule ndio mwaka themanini na saba.

Neno langu nililitoa, limesomwa, sirudi nyuma. Lakini nina sharti, na hili utalitimiza. Msimamizi wa ukumbi ananipa likizo, beseni zimekauka, hana la kufanya na mimi. Ndoa ikibarikiwa kanisani, nitaimba besi. Mbele ya Benoît, na kijiti chake akiwa nacho. Mwambie hivyo, na jibu lake uniandikie. Adolphe ameruhusu barua moja.

Gaston

*

Kongolo, tarehe 19 Oktoba 1994

Baba Orpha,

Rolly ametuonyesha jinsi mlivyolala. Alimlaza Mjomba Georges kwenye benchi kuwa wewe. Orpha alilia na kucheka pamoja, akaunguza mboga tena. Sweta halivuliwi, hata kwenye jua.

Nilikwenda kwa Benoît na sharti lako. Akajikuna. Halafu akasema, "Aje. Nafasi yake kwenye besi sikumpa mtu." Nilipokuwa mlangoni akaniita, akaniuliza hiyo mashine ni kubwa kiasi gani, na kama Adolphe anaweza kumwazima Rolly aje nayo safari moja. Masista walimpima. Ana ishirini. Ilianza siku ile ile Rolly alipomdokeza kwamba unakuja kuimba.

Kwa hiyo njoo nayo. Nyaya ni mbili, na mikono yenu mnayo.

Nyumba nimeisafisha. Ndoa ni tarehe 26 Novemba, Jumamosi. Panda treni mapema.

Kuna neno moja nimelificha miaka saba, na kwa kuwa muhuri umepigwa, sasa nalisema. Benoît hakukosea. Siku ile nilikuwa upande wa sauti za kwanza, nikadhani ni ng'ombe wa Padri amefunguka. Imba, mume wangu, lakini imba kidogo.

Pima kwanza, halafu ukasirike.

Berthe wako